Njia Naijua Mimi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zenu zimekonda? Wa kule nyuma mmesinzia? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Tuambie wewe uliyekuwapo!

Haya. Hapo kale, huko milimani, palikuwa na mtu akiitwa Senzota. Alikuwa mkuu wa msaragambo, kazi ile ya kijiji kizima: baragumu likilia, kila mtu hutoka na jembe lake. Senzota alikuwa na mama yake, Bibi Nakiete. Bibi huyo alichota maji mtoni miaka hamsini, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Sasa yu kitandani, homa haimwachi, na kila jioni anamwuliza mwanawe, "Baba, nitakufa bila kunywa maji mlangoni pangu?"

"Hufi, mama. Utakunywa."

Njia Senzota alikwisha kuiona. Alipanda kileleni akaitazama kwa macho yake: maji yatoke mtoni, yauzunguke mlima, yafike juu ya nyumba, na mteremko wa mwisho yajishushe yenyewe mpaka mlangoni. Lakini katikati aliona mwamba. Akaogopa. Akasema moyoni, nikiwatajia mwamba watakata tamaa kabla ya kushika jembe. Akafunga kinywa.

Baragumu likalia, watu wakaja. Akawaonyesha pa kuanzia tu.

Wachimbaji wakauliza, "Mkubwa, mfereji huu unakwenda wapi?"

"Chimbeni hatua thelathini kwa siku. Njia naijua mimi."

Wapanga mawe wakauliza, "Mkubwa, unakwenda wapi?"

"Pangeni mawe mia kwa siku. Njia naijua mimi."

Wanawake wa udongo wakauliza, "Mkubwa, unakwenda wapi?"

"Kandikeni vikapu hamsini kwa siku. Njia naijua mimi."

Kuuliza si ujinga, jamani, lakini watu wakijibiwa hivyo mara tatu, nani atauliza ya nne? Senzota akaahidi kondoo kwa watakaotimiza, akarudi kukaa na mama yake. Hakutoka tena.

Jioni akaja Mbonea, kiongozi wa wachimbaji. "Thelathini, Mkubwa." Kesho yake, "Thelathini, Mkubwa." Siku zikaenda. Jioni moja akaja kichwa chini. "Tatu, Mkubwa. Ardhi ngumu."

"Tatu! Mimi niliomba tatu?"

Jioni iliyofuata Mbonea akaja mbio. "Arobaini, Mkubwa!" Senzota akacheka kwa furaha, akamchinjia kondoo. Hakuuliza arobaini zimepatikanaje. Nanyi msingeuliza, msijifanye.

Siku ya kufungulia maji ikafika. Asubuhi dada yake Senzota akajitwika mtungi. Senzota akamshusha. "Dada, leo usiende mtoni. Leo maji yanakuja yenyewe." Akasimama mlangoni na bakuli. Bibi Nakiete midomo imempasuka, lakini anatabasamu, masikini.

Baragumu likalia mtoni. Wakasikia maji nyuma ya mlima. Shshsh, yanakuja. Shshsh, yanakuja. Shshsh, mbona yanafifia? Sauti ikashuka bondeni, ikapotea.

Senzota akakimbia. Akaukuta mfereji umepangwa mawe vizuri, umekandikwa ukakandikika, hauvuji hata tone. Ulifika kwenye mwamba, ukaukwepa, ukashika udongo laini, ukaenda kumwaga maji kwenye matope wanakogaagaa nguruwe.

"Mbonea! Nani alikuambia upinde?"

"Hakuna, Mkubwa. Wala hakuna aliyeniambia nisipinde. Uliomba hatua, nikakupa hatua. Ukanichinjia kondoo. Sisi tulidhani unataka mpunga huku bondeni."

 Na huko nyumbani dada yake Senzota akapiga ukunga. Mitungi yote mikavu, na Bibi Nakiete amekata roho akiomba maji. Yakimwagika hayazoleki, wenzangu. 

Walipokwisha kuzika, Senzota akawapandisha watu wote kileleni. Akanyoosha mkono. "Yalikuwa yapite hapa, yafike kwenye mlango ule. Nilitaka mama yangu anywe."

 Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe ni mwamba ule tu? Ungetuambia, tungebeba kuni badala ya udongo, tukauchoma moto mpaka upasuke."

Mbonea akaketi chini, akajifunika uso. "Maji yalikuwa ya Bibi Nakiete? Mkubwa, mwamba ule ningeutafuna kwa meno."

Wakaanza upya. Hakuna aliyehesabiwa hatua wala aliyechinjiwa kondoo. Mwambani walikata tatu kwa siku, mara nyingine mbili, na hapakuwa na manung'uniko. Mwezi wa nne wa kazi hiyo maji yakashuka mpaka mlangoni. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakanawa nyuso. Senzota alikuwa ndani, mlango ameurudisha, na hakuna aliyethubutu kumbishia hodi.

Ngano yangu naitua hapa. Nimeibeba peke yangu toka mwanzo. Aliyeona ni nzito na ashike upande mmoja, twende nayo.

— Tumeshika!