Cherehani ya Mwajabu na Daftari la Penseli

Wekeni mkono kifuani mniapie kwamba haya hayatoki hapa. Mmeapa? Vizuri. Kwenye mashine ya kusaga nimeshawahadithia wote tangu asubuhi, kwa hiyo ninyi ndio mmechelewa.

Palikuwa na mashoga watatu. Havijawa alijaliwa kumbukumbu: siku ya maulidi ya mwaka juzi nani alivaa nini, na aliazima kwa nani, anakutajia. Nyamizi alijaliwa macho: chawa akitembea kwenye ushungi ng'ambo ya barabara, keshamwona. Siwatu alijaliwa mdomo, na uso usiojua haya.

Shoga yao wa nne, Mwajabu, alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili. Kushona anajua, akili ya pesa, hata ya kulamba hana! Mwenzao akaolewa, sare ikatangazwa, kitenge na viatu vya kung'aa, naye akaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Laki mbili, kwa nguo ya siku moja! Aliuliza atazipata lini. Hakuuliza atarudisha ngapi, wala akichelewa itakuwaje. Akabonyeza dole gumba kwenye fomu, akaweka cherehani rehani.

Mkopeshaji, Bwana Kitwana, alikusanya marejesho ya kikundi cha vijana kila Jumatano: Mwajabu elfu ishirini, kwa wiki kumi na tatu. Kadi za wakopaji alikaa nazo mwenyewe, "zisije zikawapotea, wanangu." Na daftari akiandika kwa penseli! Vijana thelathini wanamtazama, wamesoma, wana simu za kupangusa, hakuna aliyefungua kinywa.

Mwajabu akamaliza wiki zake kumi na tatu, akashukuru Mungu. Jumatano iliyofuata, Kitwana huyo na mkokoteni, mbele ya kikundi kizima.

"Umelipa mara saba tu. Bado laki na ishirini, na faini elfu sitini. Toa cherehani."

Cherehani hiyo ndiyo unga wa nyumbani, ndiyo dawa za mama yake. Mwajabu akawageukia mashoga zake, nao wamo kikundini. "Jamani, atakayeniokolea hii, namweka kiti cha pembeni yangu, namfundisha bure mpaka awe fundi!"

Chumba chake cha kushonea kinaingia kiti kimoja tu cha ziada, na wote watatu walikuwa wamekililia mwaka mzima.

Havijawa akaanza. "Jumatano ya kwanza ulipewa noti mbili, moja imeungwa kwa gundi, ukaikataa, akakupa nyingine. Ya pili ilinyesha, ukajifunika kichwa kwa ungo wa Mama Sefu. Ya tatu ulikuwa na jipu, ukapokea umesimama..." Akazitaja zote kumi na tatu. Watu wakaitikia, "Kweli! Hata mimi nilikuwepo!"

Kitwana akacheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka. "Hayo ni ya mdomoni, binti. Mimi nafuata daftari." Akalipakata, akalifunika kwa mkoba.

Nyamizi alikuwa anaangalia suruali nyeusi ya Kitwana. Pale pajani palikuwa na vichembe vyeupe, kama makombo ya mkate, na vilikuwa vinaongezeka.

"Siwatu," akanong'ona, "huyu mtu anafuta. Sasa hivi, chini ya mkoba."

Siwatu huyo, kasimama. "We baba, mkono wako uko wapi?"

"Nimeshika mali yangu! Huna adabu?"

"Adabu nimeiacha nyumbani inachambua maharage!"

Akaupiga mkoba teke, akaudaka mkono, akauinua juu. Ufutio huo, katikati ya vidole viwili! Na daftari wazi, jina la Mwajabu juu: malipo ya nane mpaka ya kumi yamefutika, la kumi na moja limebaki nusu, la kumi na mbili na la kumi na tatu yapo kama yalivyo. Mwizi yule hata hakujisumbua kufuta mapema, maana hakuna kijana aliyewahi kumwambia, "Hebu tuone ulichoandika."

Kikundi kizima kimesimama. Mkono wa Kitwana uko juu, Siwatu hauachii.

Sasa niambieni ninyi. Asingehesabu Havijawa, Kitwana asingeshtuka akaanza kufuta. Asingeona Nyamizi, angefuta akamaliza. Asingethubutu Siwatu, angebeba daftari na cherehani akaenda zake. Kiti ni kimoja, na Mwajabu anawatazama wote watatu.

Ungekuwa wewe, ungemkalisha nani?