Jicho la Afande Fisi Kwenye Choo cha Pimbi

"Mko?"
"Tuko."
"Mnanisikia?"
"Tunakusikia."
"Na nani mwingine ananisikia?"

Hamjui. Basi sogeeni karibu, nianze.

Alikuwepo Fisi, na hapakuwa na wa kumuuliza kitu. Ndiye aliyekuwa polisi wa pori zima: Afande Fisi, kofia juu, tumbo mbele. Na walikuwepo pimbi, wale wanyama wadogo wa mawe, wanene, wasio na mkia. Wengi vijana, wengi wamesoma, na kazi hakuna. Kutwa wanaota jua juu ya mwamba, wanapiga stori.

Pimbi wana desturi moja. Ukoo mzima hutumia choo kimoja, jiwe moja, tangu enzi za mababu. Wanachuchumaa pamoja, na huko ndiko habari zinakopatikana: nani anampenda nani, nani amechoka na maisha, nani anasema kitambi cha Afande kimeota kwa chakula cha nani.

Siku moja Fisi akaja na nguzo, na juu ya nguzo jicho. Jicho lenye taa nyekundu: ti, ti, ti. Akalisimika mbele ya kile choo. Kioo cha kutazamia akabaki nacho pangoni kwake.

"Afande, hata chooni?" akauliza Nzilani, pimbi mwembamba mwenye digrii ya kompyuta na mdomo wa wembe.

"Hasa chooni. Si ndiko mnakokusanyika? For your own safety, madam."

"Na sisi tukikutazama wewe ukichuchumaa, safety yako itapanda?"

"Kwani wewe una kitu unaficha?"

"Nina makalio, Afande."

Pimbi wakacheka. Lakini wasee, kucheka pale chooni kuliishia siku hiyo. Fisi anatazama, pimbi wanapita. Fisi anatazama, pimbi wanapita. Wengine wakaanza kwenda vichakani na kuumwa na siafu. Wengine walikuja, wakamaliza, wakaondoka bila neno. Aliyempenda mtu hakusema. Aliyechoka na maisha hakusema. Hakuna aliyewakataza kusema.

Musembi, kakake Nzilani, yeye alichana manyoya kabla ya kwenda, akalipigia jicho pozi.

"Dada, relax," alisema. "Mimi ni msafi. Wacha anione."

Fisi akamwona. Akaona anakwenda saa ileile kila asubuhi. Akaona anakwenda peke yake. Asubuhi moja Musembi akaenda, hakurudi.

Nzilani akamfuata Afande hadi kwake.

"Kakangu yuko wapi?"

"Tunachunguza."

"Jicho lako lilikuwa linamtazama."

"Siku hiyo sistimu ilikuwa down." Fisi akapiga mbweu, beuu, akatoa unywele katikati ya meno. "Lakini tumejifunza. Jicho moja halitoshi. Nataka lingine pale mnapolaza watoto. Pango lenu liko wapi?"

Nzilani alitazama ule unywele. Aliujua. Akameza alichotaka kusema, akasema kingine.

"Afande, usijichoshe kupanda mwamba na mwili huo. Nipe jicho, nitalifunga mimi. Nimelisomea."

"Malipo hakuna."

"Najua."

"Utakuwa intern."

"Najua, Afande."

"Utapata experience."

Fisi akampa. Kama kuna kitu alichokipenda kuliko nyama, ni kazi ya bure.

Nzilani akalibeba jicho hadi kwenye shimo la Nyegere. Nyegere ni mnyama mfupi, mgongo mweupe, hamwogopi simba wala nyuki. Mchana analala, na hapendi kuamshwa. Khrrr, khrrr, alikuwa ndani. Nzilani akalifunga jicho lione mdomo wa shimo tu. Jiwe lililo kushoto lisilione. Kisha akaita ukoo.

"Unatupeleka kwa Nyegere?" akauliza mama yake, mtoto mgongoni.

"Amelala, mama. Fikeni mlangoni, kisha telezeni kushoto, nyuma ya jiwe. Asikohoe mtu."

Kule kwake, Fisi akatazama kioo. Pimbi mmoja akafika mlangoni, akapotea. Pimbi wa pili akafika, akapotea. Mama na mtoto wakafika, wakapotea. Hakuna aliyetoka. Mate ya Fisi: cho, cho, cho.

Akaja mbio. Pale mlangoni pua ikamwambia, hapa si kwa pimbi. Na fisi ni mnyama wa pua, pua ndiyo iliyomlea. Lakini yeye alikuwa ameona kwenye kioo.

"Pua ni mambo ya kizamani," akasema, akasukuma kichwa ndani, kisha mabega.

Khrrr ikakatika. Halafu: graa, pwaa, kwaru kwaru kwaru.

"Mimi ni polisi," Fisi akalia.

"Na mimi nilikuwa nimelala," Nyegere akajibu.

Fisi alipogeuka akimbie, Nyegere akamshika kwa nyuma. Alichokipoteza hapo sikitaji. Hata fisi ana faragha yake. Ndiyo maana mpaka leo fisi anatembea makalio yameinama, na pori lile hajarudi.

Pimbi wakakitoa kile kioo pangoni kwa Fisi, wakakileta kwa Nzilani. Nguzo ya chooni, na jicho lake, wakaihamishia kwenye pango la watoto.

"Kaa nacho, mwanangu," mama yake akasema. "Wewe ni wetu. Tuangalizie watoto."

Nzilani akakaa nacho juu ya mwamba. Kufika adhuhuri alijua nani ameiba majani ya nani. Watoto wakatoka kuota jua, pango likabaki tupu. Mama yake akaingia. Akaenda kwenye kona aliyokuwa akilala Musembi, akalala pale, akaweka mkono juu ya mawe, akalia. Hakuwa amelia mbele ya mtu, hata siku ya kwanza. Jicho lilikuwa linamtazama, ti, ti, ti, na yeye alikuwa ameshalizoea.

Nzilani akashuka na kioo na jiwe. Pwa, jicho. Pwa, kioo.

"Mbona umevunja?" mama akauliza, akijifuta uso haraka.

"Kilikuwa kibovu, mama. Hakikuonyesha kitu."

Ngano yangu nimeitua hapa chini. Mwenye mgongo aibebe.

Na funzo lake, vijana, ni hili: mkipewa internship isiyo na mshahara, ishikeni kwa mikono miwili, na vifaa vya serikali mvitunze.