Gunia la Jumapili ya Mavuno

Paukwa.

Pakawa.

Mmekaa vizuri?

Tumekaa, simulia.

Na mwenye usingizi?

Alishalala.

Basi tuliobaki tuendelee.

Hapo zamani, si zamani sana, maana mashine za kusaga zilikuwepo, huko milimani Upare aliishi mzee Ndekirwa. Mashine ilikuwa yake. Ng'ombe walikuwa wake. Shamba la bondeni lilikuwa lake. Mkono tu ndio haukuwa wake, maana haukufunguka hata alipouomba.

Kila mwaka, Jumapili ya mavuno, watu hupeleka mazao kanisani, na ibada ikiisha yananadiwa uwanjani. Mwaka wa kwanza Ndekirwa alipeleka kuku kilema. Mwaka wa pili, ndizi zilizooza. Mwaka wa tatu akamwambia mkewe, Nakunda, "Mama Namsifu, kule stoo kuna magunia mawili ya mahindi. La mlangoni limeingia dumuzi. Mpelekee Bwana."

"Bwana anakula dumuzi, baba Namsifu?"

"Bwana hali chochote. Ndiyo maana."

Mnamsikia huyo?

Sasa, mwaka huo mnada ulikuwa wa kununulia mabati. Upepo ulikuwa umeezua nyumba ya mjane mmoja, Mama Sifaeli. Alilala na wanawe chini ya turubai lililotoboka, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Mchungaji alisema kila kitakachopatikana ni cha paa lile.

Na Nakunda alijua jambo ambalo mumewe alidhani halijui mtu. Gunia la pili, la pembeni, lilikuwa na mahindi ya zamani yenye vumbi juu, na pesa chini.

Mnada ukaanza. Kuku wakaenda, maboga yakaenda, mayai yakaenda. Watu walikuwa na moyo, mifuko ndiyo haikuwa na kitu. Hata mabati matano hayakutimia. Mama Sifaeli akainamisha kichwa.

Likaja gunia la Ndekirwa. Mnadishaji, mzee wa kanisa Zefania, akachungulia ndani, akapiga chafya. "Elfu mbili, kwa mwenye kuku."

Hakuna aliyelitaka.

Nakunda akamwinamia mumewe. "Hivi kule stoo mbona kuna giza vile? Na magunia yanafanana."

Hakudanganya. Stoo ilikuwa na giza. Magunia yalifanana. Lakini Ndekirwa jasho likamtoka, akanyoosha mkono. "Elfu tano."

"Laki moja," akasema Nakunda. "Nikilipata nampa Mama Sifaeli. Mume wangu atalipa."

Uwanja mzima ukacheka.

"Laki mbili," akasema Ndekirwa.

"Laki tatu. Mume wangu atalipa."

"Laki nne."

"Laki tano. Mume wangu atalipa."

"Laki sita, na mwanamke huyu akae chini."

Nakunda akakaa chini. Mke mtiifu, au sivyo jamani?

Ndekirwa akalibeba gunia mwenyewe, mbio hadi nyumbani, akalimwaga sebuleni. Dumuzi. Akapekua. Dumuzi. Akakung'uta gunia. Vumbi na dumuzi.

"Mama Namsifu, pesa zangu ziko wapi?"

"Si ziko kwenye gunia la pembeni, ulikoziweka. Sijazigusa. Mimi nilipeleka la mlangoni, kama ulivyosema."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelinunua?"

Mara hodi mlangoni. Mzee Zefania huyo, amefuata ahadi iliyotolewa mbele ya kanisa zima. Ndekirwa akaenda stoo, akalifungua gunia la pembeni, akalipa laki sita huku machozi yakimlengalenga.

Jumatano mabati yakapigiliwa. Ijumaa mvua ikanyesha, na wana wa Mama Sifaeli wakalala wakavu.

Jumapili Mchungaji akatangaza, "Mzee Ndekirwa ametoa kuliko usharika mzima. Asimame tumwone." Vigelegele. Ndekirwa hakusimama. Mama Sifaeli akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alitaka kusema asante, kilio kikamzuia. Mzee alikuwa hajawahi kushikwa mkono hivyo tangu azaliwe.

Akasimama, akakohoa. "Si kitu," akasema. "Nilitoa kwa moyo mweupe."

Nakunda akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika.

Mzee alidanganya kanisani? Alidanganya. Lakini mwaka uliofuata alipeleka gunia la mahindi safi, na hakutumwa na mtu. Ila kabla ya kulifunga, alilipekua mara tatu.

Nami nimefika mwisho wa yangu. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda aniachie, nitampa jirani.