Mto Uliohama

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili na karakana ya mashua ukingoni mwa mto. Jina lake Mbonde. Alianza na shoka, msumeno na gogo moja la mvule, mkewe akishika upande wa pili wa msumeno. Mashua yake ya kwanza ilivusha majirani na mpunga wao msimu mzima bila kuvuja, na sifa zake zikateremka na maji hadi vijiji vya mwisho. Baada ya miaka thelathini karakana ilikuwa na mabanda matatu ya bati, mafundi arobaini, na njia ya magogo ya kushushia vyombo, kutoka mlangoni hadi majini.

Mbonde alipofariki, mwanawe Shamte alishika uongozi, na bintiye mdogo, Sikudhani, akashika kazi ya mbao, maana alikuwa na mkono wa baba yake. Shamte alimwaga saruji kwenye sakafu, akapaka milango rangi ya buluu, akaandika jina la marehemu juu yake kwa herufi kubwa.

Kisha yakaja masika ya mafuriko. Maji yalipopungua, mto ulikuwa umejichimbia njia nyingine, mwendo wa saa mbili upande wa kusini. Mbele ya karakana ulibaki mkono mwembamba wa maji, nao ukazidi kukauka.

"Utarudi," akasema Shamte, akaamuru kazi iendelee. Walikuwa wanaunda mashua kubwa kuliko zote za maisha yao. Waliimaliza kiangazi. Siku ya kuishusha, wanaume sitini waliivuta kwa kamba. Iliteremka hadi mwisho wa magogo, ikalala ubavu mchangani, na haikusogea tena.

Shamte akaajiri watu wachimbe mfereji. Mchanga ukafukia walichochimba. Mafundi wakaanza kuondoka, zana zao begani. Kila asubuhi Sikudhani alipita kando ya ile mashua na kugusa mbao alizozichonga mwenyewe. Jua lilikuwa limeanza kuzipasua. Siku moja alisimama pale mpaka adhuhuri. Halafu akaingia bandani, akachukua tindo na nyundo, akaanza kung'oa misumari.

Shamte alikuja mbio. "Sikudhani! Unaibomoa kazi ya baba?"

Sikudhani hakuiweka nyundo chini. "Kaka," alisema, "baba hakutuachia mabanda. Alituachia kazi ya kuvusha watu."

Alibomoa kwa siku kumi na mbili, akisaidiwa na mafundi watano waliobaki. Wakazibeba mbao mabegani, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, miguu ikizama kwenye mchanga wa moto. Bega lilimchubuka, akalifunga kwa kipande cha khanga, akaendelea. Kando ya mto mpya hapakuwa na banda wala saruji. Palikuwa na matete tu, marefu kuliko mtu. Wakayafyeka. Kwa mbao za ile mashua moja iliyokwama wakaunda mbili ndogo, na kabla masika hayajaanza tena, watu wa ng'ambo walikuwa wanavuka kwenda zahanati na sokoni.

Shamte hakwenda. Alibaki na funguo za mabanda. Kila mwaka huipaka milango rangi upya, na mgeni akipita humwonyesha mahali maji yalipokuwa yakifika. Kila Ijumaa Sikudhani humpelekea chakula na kumsihi waondoke pamoja, naye hujibu kwamba hawezi kuliacha jina la baba peke yake. Hula, humshukuru dada yake, na kumsindikiza mpaka pale saruji inapoishia.

Ndugu zangu, wote wawili walimpenda baba yao. Ni yupi kati yao aliyemrithi?