Vijiti vya Sadallah

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakututajia mgeni huyo aje amebeba nini. Ndiyo maana wenyeji wengi humpekua mgeni mikononi, na wasipoona kitu humfungia mlango.

Sadallah alifika Mbuchi, katika delta ya Rufiji, na mpira mwekundu wa ngozi, mgumu kama koche, tunda la mkoche. Alizaliwa Kachi, huko Bara Hindi, akajifunza kriketi Bombei, kisha akavuka hadi Unguja, ambako timu ya wafanyabiashara ilimlisha na kumvisha kwa sababu ya mkono wake wa kurusha na viganja vyake vya kudaka. Matajiri wake walimtuma Mbuchi kununua mpunga. Kabla hajarudi, Vita vya Maji Maji vikalipuka, maduka ya pwani yakachomwa na njia zikafungwa. Mashavu, mjane mkulima, akampa chumba cha uani.

Kila alasiri Sadallah alichomeka vijiti vitatu vya mkoko ardhini, akarudi nyuma, akakimbia na kuvirushia mpira. Aliogopa mikono yake isije ikasahau kazi, kwani timu ilimwahidi nafasi yake njia zitakapofunguka. Hakuwa na mali nyingine duniani.

Wenyeji nao waliogopa, tena zaidi yake. Vijiti kama hivyo ndivyo Mjerumani alivyochomeka kabla ya kuwalimisha pamba kwa viboko. Bashiru, mkwe wa Mashavu, aliyerudi kutoka vitani Kibata akichechemea, hakuweza kuvitazama bila kuwaza viboko vile.

"Mama, uniwie radhi," alimwambia mama mkwe wake, macho chini. "Mgeni wako anapima mashamba. Mwondoe."

"Aende wapi, baba? Njia zote zinawaka."

"Mke wangu na mwanangu wapo kwako. Likitokea la kutokea, je?"

Mashavu hakumwondoa mgeni. Binti yake Mwantum, mke wa Bashiru, alikuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi, na mtoto alikuwa bado mchanga sana. Mavuno yalipofika, wote, mgeni pamoja nao, walihamia shambani, kwenye dungu, kibanda cha nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo, walinde mpunga wao. Mpunga uliovunwa, chakula chote cha ukoo, uliwekwa humo humo. Habari zilizoshuka na mto zilisema askari wa Mjerumani sasa wanachoma vyakula, ili njaa imalize kazi ya bunduki. Usingizi uliwaruka. Mashavu alimtetea mgeni kwa maneno, lakini moyoni alianza kujiuliza kama hakufuga nyoka.

Asubuhi moja Bashiru alivikuta vijiti vimechomekwa kwenye mabua ya mpunga, kando ya dungu lenyewe. Akaving'oa kwa hasira.

"Leo unaondoka!"

"Ndugu yangu, ni mchezo tu. Wallahi."

"Mchezo, na watu wanakufa?"

Sadallah aliinama kuviokota vijiti vyake. Papo hapo mashua ya askari ikatokea kwenye kona ya mto. Mkondo ulikuwa mkali, hawakuweza kusimama. Walirusha mienge kwenye madungu ya ukingoni huku wakipita. Dungu la jirani, lililokuwa tupu, likashika moto. Mwenge mwingine ukapaa kuelekea paa ambalo chini yake Mwantum alikuwa akinyonyesha. Bashiru alipiga kelele akataka kukimbia, mguu ukamgomea.

Sadallah alikwisha kutoka mbio. Hakuwatazama askari, aliutazama mwenge tu. Akakanyaga ngazi ya dungu, akaruka, akaudaka kwa viganja viwili. Hakuuachia mpaka alipoutupa majini. Mkondo ukaichukua mashua ikapotea.

Vidonda vya moto viganjani mwa Sadallah vilipona, lakini vidole vilijikunja visifunguke tena. Njia zilipofunguka, Unguja hawakumtaka mchezaji asiyeweza kushika mpira. Sadallah alilia waziwazi, na Mashavu akalia naye. Mwaka ule wengine walichimba mizizi porini, ukoo wa Mashavu ulikula wali.

Alasiri moja Bashiru alikuja na vijiti vitatu, akavichomeka mwenyewe, akauokota ule mpira.

"Kaka, nifundishe," alisema. "Wewe sema tu. Mikono nitakupa mimi."

Mtu aliyekaribia kufukuzwa ndiye aliyemponyea Bashiru mke, mtoto na chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.