Kofia Isiyogeuka

Wa mbele asogeuka ndiye apoteaye.

Mlimsikia bibi yenu Mwana Hidaya jana, alipomwambia Yusri maneno hayo mlangoni, masanduku yameshafungwa kamba. Yusri akacheka. Munira naye akacheka kwa kuwa mumewe amecheka. Kisha mkanigeukia mkaniuliza, mama, mbona apotee wa mbele, na si yule aliyeachwa nyuma? Mimi sikucheka. Kaeni niwaambie methali hii ilikozaliwa, na Yusri asikie zaidi, maana yeye ndiye ampelekaye mwanangu ughaibuni.

Bwana Famau, mume wa Mwana Hidaya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mtaa wa Mkomani, na njia za Lamu mnazijua. Ni nyembamba, punda akipita na mzigo wewe unajibana ukutani. Mume na mke hawaendi sambamba. Mume hutangulia, mke hufuata, na mwanamume kugeuza shingo njiani kumtazama mkewe ilikuwa aibu, wazee wa barazani wangemcheka mpaka jioni. Miaka yote ya ndoa yao Mwana Hidaya aliufuata mgongo wa mumewe, wala hakupotea. Lamu utapotelea wapi?

Ikawa Salwa, binti wa nduguye, ameolewa Ujerumani, huko bara kwenye maziwa. Akawaita wakatembee. Wakafunga safari.

Tangu mji wa kwanza Mwana Hidaya alikuwa na moyo juu. Majumba marefu, watu kama siafu, ngazi zinazopanda zenyewe. Mumewe mbele na kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, mikono nyuma, anakwenda kama anakwenda msikitini. Yeye alibeba pasi, tiketi na simu, kwa kuwa ndiye mwanamume. Mwana Hidaya alibeba kikapu cha ukili, na ndani ya kikapu mlikuwa na chakula na dawa. Bwana Famau alikuwa na sukari, akijidunga sindano. Na sindano ile ina sharti: ukishajidunga, ule. Usipokula, sukari inashuka, jasho linakutoka, unaanguka. Ilishamtokea nyumbani mara moja, na Mwana Hidaya hakusahau macho ya mumewe siku ile.

Siku moja mlango wa treni ya mjini ulitaka kumbania kikapu. Aliporuka ndani akamwita mumewe.

"Bwana, ukitembea uwe wanigeukia."

"Mtu wa Mkomani hageuki njiani, Mwana Hidaya. Watu watasema nini?"

"Watu gani? Hapa nani akujua?"

"Najijua mwenyewe," akasema, akaendelea mbele.

Wakafika pwani ya huko. Bahari ya kijivu, baridi, haina mnazi hata mmoja. Bwana Famau aliipenda, akasimama akitazama meli hadi pua ikawa nyekundu. Mwana Hidaya hakuipenda. Alikuwa akihesabu moyoni kwamba zimebaki treni mbili tu, moja ya kuwarudisha mjini, na nyingine ya kuwapeleka kwa Salwa kwenye maziwa, kisha ataweka kikapu chini apumue.

Ile ya pili ndiyo iliyowafika. Asubuhi walichelewa. Bwana Famau alijidunga chumbani akasema, "Nitakula ndani ya treni," wakatoka mbio. Stesheni ile ilikuwa na watu hawana idadi. Mwana Hidaya akamwona bibi mmoja mzee ana mbwa, akamtajia jina la mji wa Salwa, maana hilo ndilo neno pekee la huko alilolijua. Bibi yule akatikisa kichwa, akamwonyesha mabehewa ya nyuma, akamsukuma kidogo kwa mkono. Nyuma, nyuma!

"Bwana! Bwana Famau!"

Kofia ilikuwa imeshaingia behewa la mbele. Haikugeuka. Milango ikaanza kulia, Mwana Hidaya akajitupa kwenye behewa la nyuma alikoonyeshwa. Akajipa moyo, treni ni moja, nitapita ndani kwa ndani nimfikie. Akapita behewa hili na hili, akakuta ukuta. Mabehewa ya nyuma hayakuwa na njia ya kupitia kwenda yale ya mbele. Akakaa na kikapu mapajani, akisoma kila dua aliyoijua. Chakula ni hiki hapa, viazi, mayai na tende. Na mtu ameshajidunga.

Treni ikasimama kwenye stesheni ndogo. Akashuka, akakimbia kwa buibui lake kandokando ya mabehewa. Akamwona mumewe kupitia kioo, amekaa, amempa mgongo. Akagonga kioo kwa kiganja.

"Bwana! Mimi huku! Geuka!"

Wazungu wote mle ndani waligeuka. Yeye hakugeuka. Alidhani ni kelele za vijana, na mtu mzima hageukii kelele. Ndipo mabehewa ya mbele yakaondoka, yakayaacha ya nyuma yamesimama palepale. Treni imekatika vipande viwili, wanangu! Kumbe ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo, kipande cha mbele kirudi pwani kwa njia nyingine, cha nyuma kiende maziwani.

Mwana Hidaya alimwendea mkaguzi wa tiketi, kijana mrefu. Yule akanyoosha mkono, tiketi.

"Tiketi anayo yeye! Kila kitu anacho yeye! Chakula ninacho mimi!"

Kijana hakuelewa. Mwana Hidaya akaweka kikapu chini. Akatoa sindano, akajigusa nayo tumboni. Akafungua chakula, akaonyesha mdomo, akakataa kwa kidole: hakula. Akaonyesha reli ilikoelekea treni, akajigusa kichwani kuonyesha kofia ya mumewe. Kisha, mwanamke yule mwenye haya zake, akajilaza chini sakafuni mbele ya watu, akafumba macho.

Kijana akashika simu yake akaanza kusema kwa haraka, huku naye akijigusa kichwani, pa kofia.

Watumishi wa treni ya mbele walimkuta Bwana Famau ameegemea dirisha, jasho linamchuruzika, simu inalia mfukoni na hawezi kuishika. Wakamnywesha maji matamu. Wakamshusha mji wa pwani, wakampeleka hospitali.

Mwana Hidaya alifikishwa maziwani bila tiketi, na Salwa akampokea pale pale alipoahidi. Kesho yake wakaenda hospitali. Bwana Famau alipomwona mkewe, machozi yakamlenga.

"Ulipotelea wapi, Mwana Hidaya?"

"Mimi?" akasema, akimmenyea yai. "Mimi nilifika nilikokuwa nikienda. Aliyepotea ni wewe."

Akala yai lake. Alipomaliza akacheka, kisha akalia.

Waliporudi Lamu, watu wakaona ajabu. Bwana Famau kila kona anasimama, anageuza shingo. Barazani wakamdhihaki.

"Ee Famau, umeacha nini huko nyuma?"

"Nimeiacha njia yangu," akajibu. "Nyinyi chekeni. Wa mbele asogeuka ndiye apoteaye."

Neno likashika, kutoka Mkomani hadi Langoni. Akaishi miaka mingi akigeuka hivyo hivyo, hadi alipozikwa.

Basi Yusri, mwanangu. Pasi zote mbili nimeona umezitia mfukoni mwako. Mpe Munira ya kwake. Mkiingia uwanja wa ndege utatangulia, najua, una miguu mirefu, na milango ya huko haimngoji mtu. Ukisikia kioo kinagongwa, usiseme ni kelele. Geuka, baba. Wa mbele asogeuka ndiye apoteaye.