Kiboko Aliyetaka Kunywa wa Kwanza

Nina kisa!
*Kitiririke!*
Kinatoka wapi?
*Jichoni mwa maji!*
Basi kaeni, wala msivuruge matope.

Hapo kale, katika bonde la Kititima, palikuwa na chemchemi chini ya mikuyu saba. Maji yalitoka katika jicho moja jembamba kati ya mawe, tiriri, tiriri, yakashuka bondeni. Desturi ya pale ilikuwa hii: mwenye miguu midogo hunywa juu, mwenye miguu mikubwa hunywa chini, asije akawavurugia wenzake. Kwa desturi hiyo kila mnyama alikunywa maji safi, vizazi kwa vizazi.

Kando ya jicho aliishi Bi Kaa. Mwaka huo alikuwa amebeba watoto sabini chini ya tumbo lake, kila mmoja mdogo kama punje ya ulezi. Na mtoto wa kaa akikauka, amekufa.

Basi Kiboko akawa Mtemi. Siku ya kuapishwa alisema atailinda chemchemi kama mboni ya jicho lake. Juma lililofuata akaiangusha mikuyu yote saba, kwaa, kwaa, kwaa, ili ajenge baraza. Kisha akachimba mfereji kutoka jichoni hadi kwenye dimbwi lake, akajitupa humo, pwaa. Bondeni kukabaki matope, halafu nyufa.

Bi Kaa akaenda barazani upande upande, kama waendavyo kaa. Akamkuta Ngiri, katibu wa Mtemi. Ngiri akamwambia kwamba jambo lake ni zuri sana, arudi Jumatatu. Akarudi. Akaambiwa kamati imeundwa. Akarudi tena. Akaambiwa kamati imesafiri kwenda kutazama chemchemi za bonde la jirani. Kila aliporudi nyumbani, watoto kumi walikuwa wamekauka. Aliwazika peke yake, kwa maana majirani walikuwa wamekwisha kuhama. Wakabaki arobaini.

Safari ya nne hakwenda kwa katibu. Alikwenda dimbwini, akamkuta Mtemi ameelea, pua na macho tu juu ya maji.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kulia tena, bibi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimekuja kukupa pole."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Pole ya nini?"

"Ya kunywa mwisho. Kule juu vyura wanaoga mferejini, viluwiluwi wanacheza mferejini, nyenje wanafia mferejini, ndipo maji yakufikie wewe. Bonde zima linasema Mtemi bado anakunywa chini, kwa desturi ile ile. Wanasema ukubwa wako ni wa miguu tu."

Kiboko akainuka, maji yakimchuruzika. Ngiri akaja mbio kutoka barazani, akajaribu kumkumbusha kwamba mfereji ni mwembamba na jua ni la saa sita. Akaambiwa kazi ya katibu ni kuandika.

Kiboko akapanda, kwichi, kwichi, hadi mfereji unapoanzia. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Bi Kaa akamweleza kwa adabu kwamba jicho liko mbele kidogo tu. Akaingiza tumbo. Akanywa, gubu, gubu, gubu. Akanywa wa kwanza, akanywa peke yake, akanywa mpaka akavimba. Alipovimba, udongo ukamshika. Kwenda mbele, hakwenda. Kurudi nyuma, hakurudi.

Maji yakafika puani mwake, yakakosa njia. Yakajaa, yakapanda, yakageuka, yakaishika njia yake ya zamani. Tiriri.

Bi Kaa akashuka kwenye mawe, akafungua tumbo lake. Watoto arobaini wakaingia majini, wote hai. Hakucheka. Akawahesabu mara mbili.

Nyuma yake jua lilikuwa likiupasua mgongo wa Kiboko. "Bibi," akasema, "nivute."

"Mimi ni mdogo, Mheshimiwa. Nitamwachia katibu."

Ngiri akaunda kamati.

Kiboko alikaa pale hadi masika yalipoulainisha udongo, akatoka amekonda, mifupa inahesabika. Maji bondeni yalikuwa nusu ya yale ya zamani, maana mikuyu haioti kwa amri.

Wanyama wakaitwa barazani. Ngiri akasoma taarifa ndefu: kwamba Mtemi, kwa mwili wake mwenyewe, bila kujali jua, ameyarudisha maji ya Kititima. Kiboko akavishwa nishani ya Mlinzi Mkuu wa Chemchemi. Bi Kaa aliketishwa nyuma kabisa, akaombwa naye apige makofi. Akagonga gando kwa gando, ko, ko, ko, mara thelathini, akaacha.

Funzo ni hili, wanangu. Msiwasumbue viongozi kwa habari za chemchemi. Msiwaombe wapande mikuyu, msiwaombe wafukie mifereji yao. Wao wanajua kulinda maji: wakishindwa kwa akili, watayalinda kwa tumbo. Nanyi viongozi mnaonisikia, laleni salama. Mabonde yote yatakapokauka, dimbwi lenu ndilo litakalokuwa la mwisho.

Kisa changu kimekauka hapa. Aliyekiona kitamu, akimeze. Aliyekiona kichungu, ateme chini, huenda pakalowa.